Uzio wa Nusu Mbili

Naanza kwa kusema wazi kwamba mimi si mtu wa umbea. Ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko kibarazani, kibaraza changu kiko juu kidogo ya kichochoro, na ng'ambo ya kichochoro ni ua wa jirani yangu. Mtu akitaka nisione yanayotendeka mle, aje anifumbe macho mwenyewe. Sikuomba kuona. Nimeona tu, na niliyoyaona yamenikaa rohoni, ndiyo maana nayasema.

Jirani mwenyewe tunamwita Dada Pima. Jina hilo alipewa na wenzake wa kiwanda cha mbao, kwa sababu hatembei bila pimamaji. Wanawake wengine mkobani wana kioo na chanuo. Yeye ana kile chuma chake chenye kichupa cha maji na kiputo katikati. Akija kwako, kabla hajakaa, macho yake yameshapita juu ya fremu ya mlango. Siku moja alikuja kushonesha sketi, akaweka pimamaji juu ya meza yangu ya kukatia, akatazama kiputo, kisha akanitazama mimi kwa huruma kama daktari mwenye majibu mabaya. Nilimfukuza. Kesho yake akarudi na kipande cha mbao, akakisukumiza chini ya mguu wa meza, na tangu hapo vitambaa vyangu havitelezi tena.

Amepita arobaini. Aliwahi kuolewa, ndoa ikamshinda, au yeye ndiye aliyeishinda ndoa, sijui, akarudi kwa mama yake. Tangu arudi, yeye ndiye anayepika, anayechota, anayempeleka mama hospitali kwa ajili ya magoti, na anayeamshwa paka wa watu wakipigana juu ya bati. Kazi ya kusimika nyuzio alijifunza kwa baba yake, marehemu, aliyeifanya maisha yake yote. Baba alikusudia kumfundisha mtoto wa kiume. Mtoto wa kiume akashika kamba kidogo, akadai jua kali, akakimbilia ndani, na mama akampangusa jasho na kumpa maji. Kamba ikachukuliwa na dada. Ukitaka kuwajua wale ndugu wawili, huna haja ya kutafuta zaidi ya hapo.

Huyo wa kukimbilia ndani ndiye Marashi. Jina hilo nimempa mimi, na silifuti. Anauza simu katika duka moja kubwa mji mwingine, anakuja kumwona mama yake mara chache, na harufu yake hutangulia kufika. Si mtu mbaya. Anacheka vizuri, anakumbuka majina ya watoto wa watu, na akikusifia nguo unajiona umependeza kweli. Hilo ndilo linaloudhi. Angekuwa mtu mbaya, Dada Pima angelala usingizi wake vizuri.

Maana Dada Pima ana wivu. Sisemi kwa kumchongea. Yeye mwenyewe hakatai. Ana wivu na ndugu yake tangu alipoanza kuota meno. Mama akimwita mwanawe anasema "babangu". Akimwita binti yake anasema "wewe". Marashi akituma shali, mtaa mzima tutaionyeshwa, tutaipapasa, tutaambiwa imetoka kwa nani. Dada Pima alimjengea mama choo cha ndani ili asihangaike usiku na magoti yale, na siku kilipokamilika mama alisema mlango unapiga kelele.

Sasa, uzio wao ulianza kulala. Ulikuwa wa mbao, wa marehemu baba, unapita kando ya kichochoro kuanzia getini, karibu na barabara kubwa, mpaka kona ya nyuma. Nguzo zilikuwa zimeoza pale zinapokutana na udongo. Ndiyo tabia ya mbao, naambiwa: sehemu iliyo chini kabisa hudumu, iliyo hewani hudumu, inayooza ni ile ya mpakani inayolowa na kukauka, kulowa na kukauka. Hayo nimeelezwa na Dada Pima mara nyingi kuliko nilivyoomba.

"Mama, Jumamosi hii nitaushughulikia," alisema, nikimsikia.

"Subiri ndugu yako aje. Uzio ni kazi ya mwanamume."

"Mama, mimi nafanya kazi gani?"

"Wewe si unakata mbao tu huko kiwandani."

Hapo ujue kwamba kila Jumamosi Dada Pima alikuwa akisimika nyuzio za watu mji mzima, na wateja wake wakipita kichochoroni wakauona uzio wa nyumbani kwake umelala, wanamtania kwamba kinyozi hajinyoi. Alicheka nao, akaingia ndani, nikasikia masufuria yanawekwa kwa nguvu. Alisubiri. Msimu mzima wa kiangazi alisubiri ruhusa ya kutengeneza uzio wa nyumba anayolala.

Marashi akaja na likizo yake, na gari la kukodi limebeba nguzo mpya na mbao. Akashuka, akatazama uzio, akasema, "Mama, nimesikia uzio umelala. Nimekuja kuuamsha."

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Mzaha ule ule, neno kwa neno, Dada Pima aliusema miezi iliyopita, na mama akamuuliza kuna nini cha kuchekesha. Nilimwona Dada Pima amesimama na beseni la nguo mkononi, midomo ameibana, anatazama nguzo mpya. Nguzo zilikuwa nzuri. Hata hilo lilimuuma.

"Tugawane," akamwambia ndugu yake. "Kuanzia nguzo ya katikati mpaka kona, nusu yangu. Kuanzia katikati mpaka getini, yako."

"Kwa nini tusifanye pamoja, dada?"

"Tugawane tu."

Nilielewa anachotafuta. Alitaka nusu mbili zisimame bega kwa bega, mama azitazame kwa macho yake mwenyewe, kisha aseme mbele za watu, walau mara moja kabla hajafa mmoja wao, kwamba hii ni kazi ya binti yangu na ni nzuri. Ni hilo tu. Hakutaka shali.

Alianza Jumamosi alfajiri na mapema. Aling'oa nguzo mbovu, akafunga kamba kutoka nguzo ya katikati mpaka kona, akaivuta mpaka ikawa inalia ukiigusa. Akachimba. Kila shimo aliliingizia nguzo, akaitoa, akachimba tena, mpaka theluthi nzima ya nguzo ikawa imezama ardhini. Chini ya shimo aliweka kokoto, ili maji ya mvua yapate pa kupita yasikae miguuni pa mbao. Nguzo zenyewe alikuwa amezipaka oili chafu sehemu ya kuzikwa. Akishasimamisha moja, anaweka pimamaji upande wa mbele, anaweka upande wa ubavuni, anaisukuma kidogo kwa goti, anaweka tena. Udongo hakuumwaga wote kwa pamoja. Alitia kidogo, akashindilia kwa mtaimbo, akatia kidogo, akashindilia. Juu akaupandisha kichuguu kidogo kuzunguka nguzo, maji yateremke yaende zake. Mpaka Jumapili jioni ndipo alipomaliza kugongomea mbao, na mgongo haunyooki.

Mama alitoka mara moja kutazama. "Bado tu?" akauliza.

Marashi alifanya nusu yake Jumatatu, dada yake akiwa kiwandani. Mimi nilikuwepo, nashona sare za kwaya. Upande ule wa getini chini kuna kifusi cha ukuta wa zamani. Mtaimbo ulikuwa ukigonga unaruka, ukigonga unaruka.

"Fundi," akaniita, jasho linamtoka, "hivi hapa chini pana nini?"

"Muulize dada yako, yeye anapajua."

"Dada yangu? Ataniweka hapa mpaka mwakani!" Akacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka naye.

Basi akachimba mpaka alipochoka, akasimamisha nguzo, akamwaga zege kuzunguka kila moja na kulilainisha kwa mwiko mpaka likang'aa. Nguzo zikawa ndefu kuliko za dada yake. Akafunga kamba usawa wa nusu ile nyingine, akachukua msumeno, akakata vichwa vyote vilivyozidi. Mimi sijui mambo ya nyuzio. Nilidhani ndivyo inavyofanywa. Alipogongomea mbao na kusogea nyuma, uzio ulikuwa umenyooka kama mstari wa daftari, na nusu yake, kwa lile zege jeupe, ilipendeza kuliko ya dada.

Mama akaita watu. Aliita wa kushoto, akaita wa kulia, akaniita na mimi niteremke kibarazani, kana kwamba sikuwa nimeona kutwa nzima. "Babangu kafanya siku moja," akasema, anapapasa nguzo. "Mwenzake Jumamosi na Jumapili zote." Wakati huo Dada Pima alikuwa ndiyo kwanza anaingia getini kutoka kazini, unga wa mbao nyweleni. Alisikia. Akatusalimia wote, mmoja mmoja, akapita.

Marashi aliondoka kesho yake. Ndipo Dada Pima, akikoka moto, alipokuta vile vichwa vilivyokatwa vimepangwa vizuri pembeni ya mlango wa jikoni. Mama alikuwa ameviweka viwe kuni. Nilimwona ametoka nje amekishika kimoja. Akakilaza juu ya mkono wake. Kilianzia kwenye kiwiko kikapita ncha za vidole. Akaenda getini, akasimama mbele ya nguzo ya ndugu yake, akakilaza tena.

"Mama," akasema, "njoo uone. Hiki kipande kilitakiwa kiwe ardhini. Kilichotakiwa kuwa ardhini kiko jikoni."

"Una maana gani?"

"Nguzo hazina miguu, mama. Zege hilo ni la juu juu. Udongo ukilowa, upande wote huu unaanguka. Niache nizichimbie upya."

Mama akasema kwa sauti ya chini, ile ambayo inasikika kuliko kelele, "Wivu huo. Umekuwa nao tangu mdogo, na mimi nimeuona, nikanyamaza. Usiuguse uzio wa mwanangu."

Nataka nisimame hapo kidogo, maana hapo ndipo roho yangu inapochemka. Ulikuwa ni wivu kweli. Na nguzo zilikuwa hazina miguu kweli. Mama alikuwa sahihi na bado alikuwa amekosea, na mtu akikosea huku yuko sahihi humwambii kitu. Dada Pima alijaribu kumpigia ndugu yake simu. Marashi akamjibu, "Dada, wewe nawe! Umenyooka au haujanyooka?" Ulikuwa umenyooka.

Baada ya hapo ikawa kila jioni, akirudi kutoka kazini, kabla hajaingia ndani anaweka kiganja juu ya nguzo ya ndugu yake, anaisukuma kidogo, anaondoka. Mama alikuwa akimwona kupitia dirishani. Mimi nilikuwa nikimwona. Nitasema kweli, kuna jioni nilijiuliza kama hailegezi.

Siku aliyokuja kupunguziwa gauni nilimkabili. "Jirani, ule uzio unaufanya nini?"

Alikuwa amesimama juu ya kigoda, pini zimemzunguka, hana pa kukimbilia. "Naupima," akasema.

"Unaupimia nini na umekatazwa kuugusa?"

Maneno yakamtoka kama yaliyokuwa yamezibwa. "Nataka uanguke. Nakwambia wewe kwa sababu utaona tu. Usiku nikisikia upepo nafurahi. Nataka uanguke, wote wale aliowaita mama kuja kuusifia waje kuutazama ulivyolala. Nataka uanguke mchana kweupe, mama akiwa ndani amelala."

"Na akiwa nje?"

"Hakai nje."

Lakini alianza kukaa. Magoti yalipopoa kidogo, mama aliagiza kiti chake kitolewe, akakiweka pale pale getini, akakiegemeza kwenye nusu ya mwanawe. Kila alasiri anakaa, mgongo kwenye mbao, anasema uzio wa babangu unamstiri upepo. Dada Pima alimwomba asogee upande wa pili, kuna kivuli kizuri zaidi. Mama akamwambia anajua anachotafuta.

Hapo ndipo maisha ya yule mwanamke yalipogeuka kichekesho kisichochekesha. Anatamani uzio uanguke, na anakimbia kutoka kazini kuhakikisha haujaanguka. Alipunguza mapumziko ya mchana ili atoke mapema. Akifika getini, kitu cha kwanza anatazama kiti, cha pili anatazama nguzo, na ukimwangalia uso huwezi kujua kama amefurahi au amekasirika kuzikuta zimesimama. Mimi naamini hata yeye alikuwa hajui.

Mvua zilikuja. Zilinyesha usiku na kukoma asubuhi, usiku na asubuhi, mpaka kichochoro kikawa tope tupu. Lile zege jeupe likaanza kuonyesha nyufa pembeni, maji yanaingia, hayatoki. Kisha alasiri moja jua likawaka, mama akadai kiti chake, mtoto wa jirani akamtolea. Akakaa, joto likamlaza usingizi, kichwa kimeegemea nguzo.

Upepo ulitokea upande wangu. Ulianza kwa kunichukulia vitambaa, nikawa navikimbilia kibarazani, na nilipoinua macho niliona ubao wa juu wa ule uzio unapumua. Nikaita, "Mama! Mama, ondoka hapo!" Upepo ukabeba sauti yangu sijui ukaipeleka wapi. Nilianza kuteremka ngazi nikiwa na mkasi mkononi. Kabla sijafika chini, Dada Pima aliingia getini anakimbia, kiatu kimoja kimebaki topeni. Alijipenyeza kwa nguvu kati ya kiti na uzio, akageuka, akauweka mgongo wake na viganja vyake kwenye mbao, miguu ikawa inateleza kwenye matope, na uzio mzima wa ndugu yake ukamlalia mabegani.

"Toka mama," akasema. "Toka, toka."

Mama alizinduka. Akainuka kwa shida, akasogea, akageuka. Akamwona binti yake ameng'ang'ania uzio, nguzo zinachomoka moja moja, mbao zinalia.

"Umeufanya nini uzio wa mwanangu?" akapiga kelele. "Umeufanya nini?"

Nikapaza sauti kutoka kichochoroni kwamba ameuzuia, hakuusukuma, nimeona kwa macho yangu. Mama hakunisikia, au hakutaka. Dada Pima alimtazama mama yake, akahakikisha amefika mbali, kisha akachomoka kwa ubavu na kuuachia. Ulianguka juu ya kiti. Kiti kikavunjika kikawa vijiti.

Mama akakitazama kiti. Halafu akatazama miguu ya nguzo, iliyokuwa imeelekea juu sasa, kila moja na sahani yake ya zege, na chini ya sahani alama ya udongo uliolowa isiyozidi shubiri. Yeye ni mjane wa mjenzi wa nyuzio. Maisha yake yote aliona nguzo zinavyoingia ardhini. Aliinama, magoti yale yale, akagusa ile alama kwa kidole.

Nilingoja aseme. Dada Pima pia alingoja, mguu mmoja hauna kiatu.

"Usimwambie," mama akasema. "Atajisikia vibaya."

Sikulala vizuri siku ile, na si mama yangu.

Jumamosi iliyofuata Dada Pima alipewa ruhusa. Mama alitoa sharti: nguzo alizonunua mwanawe zirudi zile zile, hazitupwi, hazigeuzwi kuni. Basi dada akavunja zege, akapaka oili, akakishambulia kile kifusi kwa mtaimbo na nyundo. Alikivunja vipande vipande, akavitoa kwa mkono, mpaka akafikia udongo wa kweli. Kisha akazisimika nguzo za ndugu yake kama alivyosimika zake: kokoto, pimamaji, udongo kidogo, shindilia. Sikumwona akidanganya hata shimo moja. Na kwa kuwa zilikwisha kukatwa vichwa, zilipoingia ardhini kama inavyopasa zikawa fupi. Ubao wa juu ukakosa pa kukaa. Nusu ya kona ilikuwa inamfika mtu begani. Nusu ya getini ikawa inamfika kifuani, kasoro kidogo. Katikati pakawa na ngazi ambayo hata kipofu angeigusa.

Mama alitoka kuitazama. Alitembea kutoka getini mpaka katikati, akasimama pale penye ngazi.

"Watu watauliza," akasema.

"Watauliza, mama."

"Watajua zilikatwa." Akavuta khanga yake vizuri. "Na wewe kata za kwako. Zilingane. Nani atajua?"

Nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Niliuweka chini. Msumeno ulikuwa pale pale, umeegemezwa kwenye nguzo ya katikati. Dada Pima aliuchukua. Akaenda kwenye nguzo yake ya kwanza, akaweka meno yake juu ya mbao, usawa wa nguzo fupi, nami nikajisemea akiikata namwita mjinga mbele ya mama yake na liwalo na liwe. Alibaki hivyo, msumeno uko juu ya mbao, hausogei. Mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa analia.

"Hapana," akasema.

"Umesemaje?"

"Hapana, mama. Nimekubali kila kitu. Nimeambiwa wivu nikanyamaza. Nimeambiwa nimeuangusha nikanyamaza. Ndiyo, nina wivu, nimemwonea wivu tangu nina akili, na bado ninao hapa nilipo. Lakini hii sikati. Hii ni yangu. Haijafanya kosa lolote."

Mama aliingia ndani akafunga mlango. Wakakaa wamenuniana nyumba moja, chai inamiminwa bila neno, na mimi huku kibarazani nikishona huku nimeuma meno.

Kununa kuliisha alipokuja fundi rangi kupaka zile mbao. Ni mtu wa maneno mengi, wote tunamjua. Alishusha ndoo yake, akasogea nyuma, akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule.

"Mama, mbona uzio una ngazi? Mafundi walikuwa wawili?"

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti kipya, kilichotengenezwa kiwandani na unajua nani. Dada Pima alikuwa getini anafunga komeo. Nilimwona mkono umesimama hewani na bisibisi.

Mama alizitazama zile nusu mbili. "Huu mrefu ni wa binti yangu," akasema. Fundi rangi akaitikia kwa kichwa. Mama akaelekeza kidole upande wa getini. "Na huu mfupi pia ni wa binti yangu. Zote mbili kasimika yeye."

"Mikono ya kazi hiyo," fundi rangi akasema, akausukuma mmoja kwa nguvu zake zote, nao haukutikisika.

Basi, limesemwa. Limesemwa mchana, mbele ya mtu ambaye mpaka jioni angekuwa amelifikisha mtaa mzima. Dada Pima aliinama akaendelea na komeo lake, na skrubu moja ile aliikaza muda mrefu kuliko skrubu yoyote niliyowahi kuiona ikikazwa. Nilitamani niteremke nimkumbatie. Nilidhani yamekwisha.

Lakini mimi niko kibarazani kila siku, nami ninaona. Mama hajahamisha kiti. Anakaa pale pale getini, kwenye nusu fupi, ila amekigeuza. Zamani aliuegemea uzio kwa mgongo. Sasa anakaa ameuelekea, kidevu juu ya ubao, kwa sababu ufupi ule unamwachia kuiona barabara kubwa mpaka kwenye kituo. Basi la kutoka mji ule mwingine likisimama, anainuka kidogo kwenye kiti, anawatazama wanaoshuka hadi wa mwisho, anakaa tena. Ameniambia kwa mdomo wake kwamba uzio ungekuwa mrefu kama zamani angekuwa haoni kitu.

Jioni Dada Pima anatokea barabara hiyo hiyo. Mama anamwona tangu yuko mbali, hawezi kuacha kumwona. Akifika anamsalimia, mama anaitikia vizuri, anamuuliza kazi ilikuwaje, anampokea mfuko. Kisha Dada Pima anapita getini, na shingo ya mama inarudi barabarani. Binti yake husimama kidogo nyuma yake, anatazama kule mama anakotazama, kiganja amekiweka juu ya nguzo ile fupi aliyoisimika imara kiasi kwamba haitaanguka wote watatu wakiwa hai. Halafu anaingia ndani kuinjika chai.